Likizo ya Desemba Dar: kwa bibi, twisheni, au wabaki nyumbani?

Shule zikifungwa Desemba, swali la kwanza nyumbani kwangu halihusu Krismasi wala nguo mpya. Ni "Mama, leo tunafanya nini?" na linaulizwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati natafuta kiatu cha pili. Nikirudi jioni nakuta jibu walilojipa wenyewe: maji yamemwagwa ukumbini, jirani ana malalamiko, na mkate wa kesho umeshaliwa.

Wenzetu wa Ulaya likizo yao ndefu inaangukia kiangazi chao. Yetu inaangukia kaskazi, joto la Dar likiwa limeiva. Halafu Desemba hiyohiyo ndiyo dada wa kazi naye anaomba ruhusa akawaone wazazi wake, na huwezi kumnyima. Kwa hiyo watoto wako nyumbani, msaidizi hayupo, na wewe kazini hujapewa likizo. Juu ya yote, Januari iko mlangoni na sare, madaftari na michango yake. Hela yoyote unayoimwaga Desemba utaitafuta Januari kwa tochi.

Nina watoto watatu: wa miaka 13, 9 na 5. Tunaishi Tabata. Katika miaka mitatu iliyopita nimejaribu njia tatu, kila mwaka moja, na matumizi nimeyaandika kwenye daftari la duka. Naziweka hapa bega kwa bega, hesabu zangu zikiwa wazi. Bei za kwako zitapishana na zangu kidogo, lakini mwelekeo nadhani utakuwa uleule.

Kabla ya yote, hesabu ya chakula

Wazazi wengi wakilinganisha likizo wanahesabu nauli na ada, chakula wanakiacha kwa sababu "wangekula tu hata hivyo". Si kweli. Siku za shule watoto wangu wanakunywa chai, wanaondoka, na tunakutana tena usiku. Siku za likizo kuna chai, uji wa saa nne, chakula cha mchana, kisha barafu na ubuyu wa kugombania. Nilipopima, kila siku ya likizo ilinigharimu 5,000 zaidi ya siku ya shule kwa wote watatu, bila mkaa. Kwa siku 35 hiyo ni 175,000. Shika namba hiyo, maana ndiyo inayopindua hesabu yote.

Kwa bibi

Mama yangu yuko Turiani, mkoani Morogoro. Zamani safari ilikuwa ya basi: kuamka usiku, kwenda kituo cha Mbezi Luis, kupambana na walanguzi wa tiketi wanaojua fika kwamba wiki ya Krismasi hutabisha. Treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, mambo yalibadilika. Daraja la kawaida nimelipa 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 ni nusu, 6,500. Chini ya saa mbili mko Kihonda, kwenye stesheni ya Morogoro. Kosa kubwa ni kungoja tarehe 20 ndipo uanze kutafuta tiketi. Kata mapema mtandaoni, mara tu shule inapotangaza siku ya kufunga.

Sasa matumizi. Mkubwa amevuka 12, analipa kamili. Wawili wanalipa nusu. Kwenda na kurudi, watoto peke yao ni 52,000. Mimi nawapeleka, narudi kazini, kisha nakwenda kuwachukua: safari nne, 52,000 nyingine. Kutoka Morogoro mjini hadi Turiani kuna basi, na mwisho kuna bodaboda. Kwa safari zote hizo nilitumia 46,000. Usafiri peke yake ukawa 150,000.

Na huendi kwa mama mikono mitupu. Sukari kilo tano, mafuta ya kupikia, sabuni za mche, doti ya kanga: 65,000. Nikamwachia na 40,000 za matumizi ya watoto. Jumla 255,000. Ukiiona namba hiyo hivihivi unaweza kughairi safari. Lakini watoto walikaa huko wiki tano nzima, na zile 175,000 za chakula cha Dar sikuzitoa. Toa moja kwenye nyingine, uchungu wenyewe ni 80,000 kwa watoto watatu kwa likizo nzima.

Hapa ndipo watu wanapojipiga. Nauli haijui umekaa siku ngapi. Ukiwapeleka kwa wiki mbili, unalipa nauli ileile na zawadi zilezile, hata kama utamwachia bibi 20,000 tu. Chakula unachookoa kinakuwa 70,000, na uchungu unapanda hadi 165,000. Kwa hiyo kama ni kwa bibi, wapeleke siku ya pili baada ya shule kufungwa na wafuate wiki ya kufungua. Safari ya "waende wiki moja wakasalimie" ni nzuri kwa undugu, kwa mfuko haifai.

Walichopata? Wa miaka 9 alirudi anajua kupeta mchele kwa ungo, pumba zinaruka na mchele unabaki, jambo ambalo mimi mwenyewe namwaga nusu chini. Alirudi pia na salamu za Kizigua alizozitumia kumsumbua kondakta njia nzima. Desemba ni msimu wa maembe, na maembe ya kule mtoto haombi hela ya kununua, anaokota.

Yasiyopendeza nayo yapo. Wa miaka 5 alilia usiku tatu mfululizo. Nilikuwa napiga simu jioni nikidhani namfariji, kumbe sauti yangu ndiyo iliyokuwa inamwamshia kilio. Nilipohamishia simu asubuhi, akiwa ana kuku wa kufukuza, kilio kikaisha. Malaria ni jambo la kweli: beba chandarua kimoja kwa kila watoto wawili, usitegemee vya bibi, na mwachie namba ya mtu mwenye usafiri wa kufika zahanati. Mto nao uwekewe sharti kwamba hakuna kwenda bila mkubwa.

Na bibi mwenyewe umuulize vizuri. Ukimuuliza kwa simu, "Mama, waje?" atakujibu "Waje, waje, wajukuu zangu hao." Hawezi kujibu vingine. Mimi nilikuja kuambiwa na dada yangu kwamba mgongo ulikuwa unamsumbua tangu Oktoba na kuchota maji ni kazi. Mwaka ule nilimlipa kijana wa jirani achote maji kila siku, na hilo ndilo lililofanya likizo iwezekane. Muulize anayeishi naye, kisha ndipo umuulize yeye.

Ujanja mmoja wa kuokoa hela: tafuta ndugu anayesafiri hata hivyo. Mdogo wangu huenda nyumbani kila Krismasi. Akiwachukua yeye na kuwarudisha, zile 52,000 za safari zangu nne zinabaki mfukoni.

Twisheni

Hii ndiyo inayovutia wengi kwa sababu inafanana na shule: mtoto anaondoka na begi, anarudi na begi, mzazi moyo umetulia. Mtaani kwetu ni 1,000 kwa siku kwa mtoto. Siku tano kwa wiki, wiki tano, ni 25,000 kila mmoja, 75,000 kwa watatu. Ongeza 500 ya kila mtoto ya andazi na juisi kila siku, unapata 37,500 nyingine. Na chakula cha nyumbani kiko palepale. Jumla 287,500.

Tatizo langu na twisheni si hela peke yake. Inaanza saa mbili, inaisha saa sita. Kuanzia saa sita mpaka nirudi saa kumi na mbili jioni, swali la "leo tunafanya nini" liko palepale, tena kwa mtoto aliyechoka. Na siku niliyopita kuangalia, nilikuta wanafunzi wa darasa la pili hadi la sita wako chini ya bati moja, mwalimu ameandika mgawanyo mrefu ubaoni, wadogo wanachora maua. Wa kwangu wa miaka 5 alikuwa amelala juu ya dawati. Nilikuwa nalipa buku kwa siku mtoto akalale kwenye joto.

Kwa majirani zetu Wakenya jambo hili liko mpaka kwenye sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kuwasomesha wanafunzi twisheni wakati wa likizo. Mimi sifiki huko. Mtoto aliyeanguka hisabati na anaingia darasa la mtihani anastahili msaada. Ila mpe msaada wa somo lile, kwa saa mbili, mara tatu kwa wiki, na mwalimu anayejua ameanguka wapi. Hiyo ni tiba. Kuwapeleka wote watatu kila siku kwa masomo yote ni kutafuta mlezi kwa jina la elimu, na mlezi wa bei nafuu zaidi yupo.

Madrasa siiweki kwenye kundi hili, wala mafundisho ya watoto kanisani. Kwetu madrasa inaendelea likizo nzima, mchango wake ni mdogo, na ustadhi anamjua kila mtoto kwa jina la babake. Kama mtaani kwako ipo, inakata siku vizuri katikati bila kuumiza mfuko.

Kubaki nyumbani, lakini kwa mpango

Mlezi niliyemtaja ni huyu: mhitimu wa kidato cha nne. Mtihani wao unaisha Novemba, matokeo yanatoka Januari, na katikati hapo wako nyumbani wanazunguka na simu. Mtaani kwako hawakosekani wawili watatu. Nilimpata binti wa jirani, mzazi wake namjua, tukakubaliana 3,000 kwa siku kwa siku 25: 75,000. Alikuwa anakuja saa moja asubuhi, anaondoka nikirudi. Alimsomesha wa miaka 9 kuliko twisheni ilivyomsomesha, kwa sababu alikuwa na mwanafunzi mmoja tu.

Vifaa vilinigharimu 10,000: mpira, kamba ya kuruka, rangi, gundi, manila tatu. Kilichotumika zaidi kuliko vyote hakikununuliwa. Nilichora ubao wa drafti nyuma ya kalenda ya mwaka unaoisha, miraba kwa rula na kalamu ya wino, nikamtuma mkubwa kwa muuza soda akaombe vizibo. Upande mmoja vizibo vimetazama juu, upande wa pili vimefunikwa. Wiki ya pili mlinzi wa nyumba ya jirani alianza kupita "kusalimia" na kukaa nusu saa. Wiki ya tatu mwanangu wa miaka 9 alimla kingi mbili, akakimbia uchochoro mzima anatangaza.

Michezo ya uani usiidharau. Kombolela, rede, mdako, kuruka kamba, chandimu kwa wanaopata kiwanja: yote ni bure. Lakini mtoto wa sasa asipofundishwa sheria zake hachezi, anarudi kwenye katuni. Jioni mbili tatu za kwanza ilinibidi mimi mwenyewe nitoke nicheze rede na kanga yangu kiunoni. Majirani walicheka. Baada ya hapo watoto wa uchochoro mzima walijua sheria, mimi nikastaafu.

Mpango wenyewe uwe mwepesi. Asubuhi kabla jua halijakaza ni kazi: kufagia, vyombo, kufua soksi. Kisha kitabu saa moja. Saa sita mpaka saa tisa, joto likiwa kali, ni mambo ya ndani: drafti, kuchora, kulala. Televisheni nimeiwekea saa moja ya alasiri, na simu yangu sikuiacha, bando la mwezi lingekatika kwa siku nne. Jioni ni uani.

Mkubwa alitaka biashara, nikamkopesha 5,000 ya kutengeneza barafu za ukwaju. Wiki ya kwanza alipata hasara kwa sababu wadogo zake walikula mtaji. Wiki ya pili alianza kuwauzia kwa mkopo na kuwaandika. Sijawahi kuona mtoto akijifunza kutoa na kujumlisha kwa hasira namna ile.

Jumamosi ilikuwa siku ya kutoka, mara moja kwa wiki, na hii ndiyo iliyowafanya wavumilie siku nyingine tano. Jihadhari na kitu kimoja: nauli ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi mwenye sare. Konda alimtazama wa miaka 9 na fulana yake ya mpira, akaniambia, "Mama, huyu leo si mwanafunzi, ni abiria." Nikalipa kamili. Panga ukijua hivyo.

Safari iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya feri. Magogoni hadi Kigamboni, 200 kwa kichwa, upepo wa bahari usoni, meli kubwa zinaingia bandarini karibu ungedhani unaweza kuzigusa. Ng'ambo tukala mihogo ya kukaanga, tukarudi. Nauli za daladala, feri na mihogo, siku nzima haikufika 9,000. Wa miaka 5 alidhani tumesafiri nchi nyingine.

Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ni ya pili. Huko linatunzwa fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, alilolipata Mary Leakey Oldupai mwaka 1959. Mkubwa alikuwa amelisoma darasani na hakuamini lipo mjini kwetu. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa 1966, kiko karibu na kituo cha daladala chenye jina hilohilo, na nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kama zilivyo vijijini, mtoto anaingia ndani na kutoka. Kiingilio cha Mtanzania kote kuwili ni kidogo kuliko cha mgeni kwa mbali. Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, aliifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967 na ina sehemu ya watoto. Huko nendeni siku ya kazi, si sikukuu.

Jumamosi tano zilikula 45,000. Jumlisha: chakula 175,000, binti 75,000, vifaa 10,000, safari 45,000. Ni 305,000.

| Njia | Nilitoa (watoto 3, wiki 5) | Saa za mchana zilizojaa | Kinachoweza kuharibika |
|---|---|---|---|
| Kwa bibi | 255,000, chakula cha mjini hakimo | zote | afya ya bibi, malaria, mto |
| Twisheni | 287,500 pamoja na chakula | asubuhi tu | mtoto kuchoka bila kujifunza |
| Nyumbani kwa mpango | 305,000 pamoja na chakula | zote | mpango kufa wiki ya pili |

Nyumbani inaonekana ghali kuliko zote, lakini angalia imebeba nini. Ukiwa na mtu mzima wa kushinda nao, shangazi au mama mkwe, ondoa 75,000 za binti, inashuka hadi 230,000 na kuwa rahisi kuliko zote tatu. Asiye na bibi karibu, au ambaye bibi yuko Bukoba au Songea na nauli peke yake inamaliza bajeti, aanzie hapa na asione amewanyima watoto kitu.

Siku za Krismasi na Mwaka Mpya zenyewe zina ushauri mmoja tu kutoka kwangu: msiwapeleke disko toto, yale madisko ya watoto ya ukumbini, hata tangazo likiwa na mapambo kiasi gani. Siku ya Idi mwaka 2008 watoto walikufa Tabora kwa kubanana na kukosa hewa ndani ya ukumbi wa namna hiyo. Coco Beach nayo siku ya sikukuu huwezi kumwona mwanao hatua tano mbele. Pilau nyumbani, rede uani, ufukweni nendeni Jumatano ya wiki inayofuata.

Mwaka huu sichagui moja. Mkubwa anabaki na mimi: hisabati mara tatu kwa wiki kwa mwalimu mmoja, barafu zake za ukwaju, na kunisaidia dukani jioni. Wadogo wawili wanakwenda Turiani na yule mdogo wangu kwa likizo nzima. Tiketi zao mbili, kwenda na kurudi, ni 26,000 na nimeshazikata. Wa miaka 9 amefunga vizibo 24 kwenye soksi na ule ubao wa kalenda ameukunja mara nne. Bibi alipiga simu jana asubuhi kuuliza tarehe. Anasema embe za nyuma ya jiko zimeanza kuanguka na nguruwe wa jirani ameshajua njia.